Balozi na Daftari la Forodha

Wanaokwenda Forodhani jioni, pale Mji Mkongwe, kula mishikaki na kunywa maji ya miwa, wachache hujiuliza jina hilo limetoka wapi. Limetoka kwenye forodha. Hapo ufukweni ndipo mizigo ya dola ya Zanzibar ilipokuwa ikishushwa na kutozwa ushuru: pembe za ndovu kutoka bara, sandarusi, karafuu, marobota ya merikani. Lakini ushuru huo Sultani hakuutoza mwenyewe. Seyyid Said aliikodisha forodha nzima kwa tajiri mmoja wa Kihindi, Jairam Shivji, Bhatia wa Kutch, aliyemlipa kila mwaka kiasi cha riale walichopatana. Kilichozidi kilikuwa chake Jairam.

Daftari nalo lilikuwa lake. Sultani akitaka kujua bandari yake inaingiza nini hasa, ilimbidi amuulize mkodi, na mkodi hakuwa na sababu ya kusema kweli. Siku Sultani atakapoijua faida ndiyo siku atakapopandisha bei ya kukodisha.

Sasa fikiria kazi ya balozi wa kigeni katika mji kama huo. Ametumwa aandike mapato ya serikali, sheria za biashara, viwango vya ushuru, nani anamdai nani. Mwenye nchi hajui vizuri. Anayejua hasemi. Basi balozi anahesabu majahazi kwa macho, anawauliza manahodha, anakula chakula cha usiku na matajiri, anakadiria, kisha anaandika tarakimu kwa wino mweusi kana kwamba kazipima kwa mizani. Tarakimu hizo zikipanda meli zinakuwa ukweli.

Wa kwanza kufika alikuwa Mmarekani, Richard Waters, mtu wa Salem, Massachusetts. Alishuka Unguja 1837, miaka minne baada ya Seyyid Said kutia saini mkataba na Marekani uliowatoza Wamarekani asilimia 5 tu kwa mizigo wanayoshusha. Waters alikuwa balozi na mfanyabiashara kwa wakati mmoja, kama mabalozi wadogo wengi wa nchi yake enzi hizo. Alielewana na Jairam kiasi kwamba wafanyabiashara wenzake, Waingereza kwa Wamarekani, walilalamika kuwa wawili hao wameukalia mji. Mtu yuleyule aliyeripoti Washington habari za forodha ya Zanzibar alikuwa na maslahi katika namna forodha hiyo inavyoendeshwa. Sisemi alidanganya. Nasema ripoti yake ilikuwa na upande, na aliyeisoma Washington hakuwa na njia ya kuuona upande huo.

Waingereza walimleta Atkins Hamerton 1841, baada ya mkataba wao wa 1839. Wafaransa nao wakatia saini wa kwao 1844. Lakini aliyeifanya kazi hii ya hesabu kwa bidii ni Christopher Rigby, aliyefika 1858, miaka miwili baada ya Seyyid Said kufariki. Ripoti yake ya 1860 juu ya milki ya Zanzibar ni ya mtu asiyependa kuacha jambo: biashara na mapato, watumwa, karafuu, nguo, meli za kila taifa. Leo tukitaka kuiona Zanzibar ya Seyyid Majid tunakwenda kwa Rigby, tupende tusipende.

Mwaka mmoja tu baadaye hesabu za namna hiyo zikawa na kazi. Watoto wa Said, Majid wa Zanzibar na Thuwaini wa Maskati, walikuwa wakigombania urithi, na shauri likafikishwa kwa Lord Canning, gavana mkuu wa Kiingereza huko India. Tarehe 2 Aprili 1861 Canning akatoa uamuzi: milki igawanyike mbili, na Zanzibar iilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Hoja yake ilikuwa kwamba urithi wa ndugu hao wawili haulingani, kwa hiyo mwenye kingi amfidie mwenye kidogo. Ili mtu aseme urithi huu ni mkubwa kuliko ule, lazima kuna aliyeuhesabu. Na waliouhesabu kwa niaba ya Canning hawakuwa makarani wa Majid wala wa Thuwaini. Walikuwa maofisa wa Kiingereza.

Kuna sehemu ya hadithi hii inayoniuma zaidi, nayo ni ya karibu na mwisho wa karne. Mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ilipewa forodha za mwambao wa kusini kwa kukodisha, na kilichofuata ni vita vya Abushiri. Miaka miwili baadaye Ujerumani ikaununua mwambao huo moja kwa moja kwa marki milioni 4, yaani kama pauni 200,000. Fedha hizo zilikuwa za Zanzibar. Zikawekwa London. Wakati huohuo, 1891, balozi mkuu wa Uingereza, Gerald Portal, aliona hesabu za Sultani ni vurugu tupu, na pengine kwa hilo hakukosea sana. Akaziondoa mikononi mwa Sultani Ali bin Said. Sultani akapangiwa posho yake ya mwaka, na Mwingereza Lloyd Mathews akawa Waziri wa Kwanza mwenye mfuko wa serikali. Nusu karne tangu Hamerton aanze kuuliza kuna kiasi gani ndani ya mfuko, ubalozi ukawa umeushika mfuko wenyewe.

Na zile pauni 200,000? Mwaka 1895 serikali ya Uingereza iliamua kuinunua kampuni ya Kiingereza ya William Mackinnon iliyokuwa ikikodi mwambao wa kaskazini, yaani Mombasa na jirani zake. Bei ilikuwa pauni 250,000, na 200,000 kati ya hizo zilitoka katika fedha zilezile za Zanzibar. Baada ya hapo Zanzibar ikawa inalipwa pauni 17,000 kwa mwaka: 11,000 kodi ya mwambao, na 6,000 riba ya fedha zake yenyewe zilizotumika kununua kilichokuwa chake. Soma tena sentensi hiyo polepole. Mimi niliposoma mara ya kwanza nilidhani mwandishi kakosea.

Mtu anaweza kuhitimisha kutokana na haya kwamba kila balozi anayeuliza habari za bajeti yetu ni jasusi, na dawa yake ni kumfungia mlango. Hitimisho hilo nimelisikia mara nyingi, hasa pale taarifa ya ubalozi fulani inapowaudhi wakubwa. Silikubali.

Kwanza, kazi hiyo ni halali. Mkataba wa Vienna wa 1961 juu ya uhusiano wa kibalozi, katika ibara ya 3, unaitaja wazi kuwa ni miongoni mwa kazi za ubalozi: kujua hali na mwenendo wa nchi mwenyeji kwa njia zote za halali na kuiarifu serikali iliyomtuma. Ibara ya 41 inamkataza kuingilia mambo ya ndani. Kati ya ibara hizo mbili pana uwanja mpana, na kila balozi anapita mstari wake mwenyewe. Balozi wa Uingereza nchini Kenya, Edward Clay, alipoiambia Nairobi, Julai 2004, kwamba walafi serikalini wamekula hadi wanawatapikia wafadhili viatuni, alikuwa ameacha kuripoti na kuanza kuhutubia. Wakenya wengi walimshangilia. Serikali ilikasirika. Wote walikuwa na sababu.

Pili, na sisi tunafanya hivyohivyo. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogondogo, kuanzia wakala wa fedha kwa simu hadi ufundi wa simu na saluni. Nairobi ililalamika haraka, ikikumbusha itifaki ya soko la pamoja la Afrika Mashariki. Si lazima uwe ndani ya ubalozi wa Kenya jijini Dar es Salaam kujua kwamba wiki ile kuna mtu alikesha akiisoma amri ile kifungu kwa kifungu na kuwaandikia wakubwa wake inamgusa nani. Ndiyo kazi anayolipwa. Aprili mwaka huohuo, Tanzania ilipofunga mipaka kwa mazao ya Malawi na Afrika Kusini kwa siku chache kulipiza vikwazo vyao, mabalozi wa pande zote tatu hawakulala. Picha ya balozi kama Mzungu mwenye kofia ya jua imepitwa.

Pamoja na hayo, ripoti hazina nguvu sawa, na hapa ndipo uchambuzi unapotakiwa kuwa mkali. Ripoti ya balozi wa nchi ndogo inaishia kwenye jalada. Ya nchi kubwa inaweza kuwa sheria kwako.

Chukua mitumba. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuachana na nguo za mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vya nguo vipumue. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Machi 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo zilizotumika huko Marekani kikapeleka malalamiko kwa ofisi ya mwakilishi wa biashara wa Marekani, kikidai ajira 40,000 za Wamarekani ziko hatarini. Kanuni ya ushuru ya Kigali, Dodoma na Kampala ikawa inajadiliwa Washington mezani, pamoja na hatima ya AGOA, mpango wa Marekani unaoziruhusu bidhaa za Afrika kuingia huko bila ushuru. Kenya ilikuwa imeshajitoa mapema, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma, Rwanda ikakataa. Julai 2018 Rwanda ikaondolewa unafuu wa AGOA kwa nguo zake.

Angalia kilichoonekana na kisichoonekana katika mlolongo huo. Ushuru wa dola 2.50 ulionekana: ni tarakimu, umo kwenye gazeti la serikali, balozi anaunukuu na kuutuma. Fundi cherehani wa Mwanza aliyekosa wateja kwa sababu gauni la mtumba ni rahisi kuliko kitambaa kitupu hana tarakimu. Mama wa soko la Karume, Dar es Salaam, mwenye familia anayoilisha kwa kufungua mabelo naye hana, ingawa maslahi yake siku ile yalikuwa upande wa Wamarekani, jambo ambalo wazalendo wetu hawakupenda kulisema. Ripoti juu ya kanuni za nchi nyingine huandikwa kwa jicho la anayeuza. Kinachomzuia yeye kinaitwa kizuizi. Kinachomlinda mwenyeji hakina jina.

Halafu kuna kichekesho cha 2025. Tarehe 31 Machi Washington ilitoa kitabu chake cha kila mwaka cha vizuizi vya biashara duniani, nchi kwa nchi, Kenya ikiwamo, kazi ya mwaka mzima ya maofisa walio makao makuu na balozini. Siku mbili baadaye vikatangazwa viwango vipya vya ushuru: Lesotho asilimia 50, Madagaska 47, Kenya na Tanzania 10. Wachumi walipochunguza hesabu waligundua haikutoka katika kitabu kile kabisa. Mtu alichukua pengo la biashara ya bidhaa na nchi husika, akaligawa kwa kiasi Marekani inachonunua huko, akakata nusu, na asiyekuwa na pengo akapewa 10. Kurasa zote zile za kanuni za watu, na mwishowe kikatumika kikokotoo.

Rudi kwetu sasa, kwenye daftari. Septemba 2018 Bunge la Tanzania lilibadili Sheria ya Takwimu ili iwe kosa kuchapisha takwimu zinazopingana na za Ofisi ya Taifa ya Takwimu, adhabu ikiwa faini isiyopungua shilingi milioni 10, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Benki ya Dunia ikasema hadharani kwamba ina wasiwasi mkubwa. Aprili 2019 Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) likatangaza kwamba serikali haikuridhia ripoti yake ya mwaka juu ya uchumi wa Tanzania ichapishwe, na ripoti hiyo ikavuja. Juni 2019 sheria ikalegezwa. Mwezi uliofuata Benki ya Dunia ikakadiria uchumi ulikua asilimia 5.2 mwaka 2018, wakati takwimu rasmi ilikuwa 7.

Sina haja ya kuamua hapa nani alikuwa sahihi, na wanaoapa kwa tarakimu ya Benki ya Dunia kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni wananichosha sawa na wanaoapa kwa nyingine. Swali langu ni jingine: sheria ile ilimfunga nani mdomo? Balozi ana kinga. Waraka wake wa siri hauchapishwi, kwa hiyo hauvunji sheria ya kuchapisha. Akitaka tarakimu anamwalika ofisa wa wizara chakula cha mchana, anamwalika mwenye benki, anamwalika mfadhili mwenzake aliyeiona ripoti ile kabla haijavuja. Wakati nyaraka za siri za balozi za Marekani zilipomwagwa na WikiLeaks kuanzia Novemba 2010, zaidi ya 250,000, waliozisoma huku kwetu waligundua kwamba wasemaji wakubwa ndani yake walikuwa viongozi wetu wenyewe, wakieleza kwa ukunjufu mambo ambayo hawajawahi kuyasema kwenye mkutano wa hadhara jimboni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji afungiwe nje wakati mgeni anaandaliwa.

Aliyefungwa mdomo mwaka ule ni mhadhiri wa chuo kikuu, mwandishi wa gazeti, na taasisi ndogo iliyokuwa ikipiga simu kwa wananchi kuuliza wamekula nini. Ukaguzi wa CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, unawekwa bungeni na kila mtu anaweza kuusoma, balozi na dereva wa bodaboda kwa pamoja. Huo ndio usawa pekee ninaoujua katika jambo hili. Ukiupunguza, humpunguzii balozi. Unampunguzia dereva.

Na ubalozi unaotegemea chakula cha mchana badala ya vitabu vya hesabu hupotoka vibaya. Msumbiji ni ushahidi. Kati ya 2013 na 2014 kampuni za serikali zilikopa zaidi ya dola bilioni 2 kwa dhamana ya taifa, kwa jina la uvuvi wa jodari na ulinzi wa pwani, na sehemu kubwa ya deni hilo halikupelekwa bungeni wala kwa IMF. Maputo ilikuwa imejaa mabalozi. Wafadhili 14 waliokuwa wakichangia bajeti moja kwa moja walikutana na wizara ya fedha mara kwa mara, wakiandika taarifa za gesi na ukuaji. Deni lilipofichuka Aprili 2016, wakasimamisha misaada kwa hasira ya mtu aliyeibiwa akiwa macho. Sarafu ikaanguka, na waliokuja kulipa ni watu wa Nampula na Cabo Delgado, ambao hawakuwahi kuuona mkataba wala ripoti yoyote iliyousifu uchumi wao.

Ndiyo maana sishawishiki na hoja kwamba siri ya hesabu ni ulinzi wa taifa. Daftari la Jairam lilikuwa siri kamili. Halikumzuia Rigby kuandika. Lilimzuia Majid kujua, na alipofariki 1870 aliacha deni kubwa kwa nyumba ya Jairam ambalo Barghash, ndugu yake aliyemrithi, alianza kwa kulikataa na kuishia kulilipa sehemu, balozi wa Kiingereza akiwa katikati ya mashauri.

Lakini kuna upande wa pili ambao hatuusemi kabisa. Waingereza wa mwisho wa karne ile waliichapa sehemu ya ripoti za biashara za mabalozi wao na kuziuza kwa peni chache. Mwenye kiwanda Manchester, asiyejua Bagamoyo iko upande gani wa dunia, aliweza kusoma ni nguo gani inayotakiwa pwani na ushuru wake ni kiasi gani. Ubalozi ulimfanyia kazi yeye.

Sisi tuna balozi Lusaka, Kinshasa, Muscat, Abu Dhabi. Bila shaka wanaandika. Maandishi yao yanaingia Dodoma na Nairobi, yanagongwa mhuri, yanalala. Miezi kadhaa iliyopita nilikaa Kariakoo na mfanyabiashara anayepeleka bidhaa Lubumbashi. Nikamuuliza anajuaje Wakongomani wanapobadili tozo au kuongeza karatasi moja zaidi mpakani. Akanitazama kama nimeuliza swali la mtoto. Ana dereva wake wa lori, akasema, mtu wa Tunduma. Akikwama Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, siku mbili anajua ni foleni, akikwama wiki anajua kuna kanuni mpya. Nikamuuliza kama amewahi kuupigia simu ubalozi wetu.

"Kule," akanijibu, "mtu unapiga simu ukipoteza pasipoti."